Nilipokuwa Tower ya Msichana Wangu

Ng'ombe zetu haziogopi ndege. Watu wakitoka mjini kuja kununua maziwa huku Kapseret, ndege ikipita chini wanainama na kushika kofia, lakini ng'ombe inaendelea kula tu. Mimi ndiye nilikuwa naogopa. Ndege yenyewe haikuwa shida. Shida ilikuwa venye msichana wangu alikuwa anaiangalia.

Sisi ni watu wa magharibi. Bwana yangu alipata kazi ya kuendesha lori hapa Eldoret nikiwa nimeolewa juzi tu, na tukanunua shamba karibu na airport wakati hakuna mtu alikuwa anaitaka. Walisema kelele ya ndege inakausha maziwa. Ni uongo. Kitu ambayo hawakutuambia ni kwamba ukizaa mtoto hapo, mtoto atakua akiangalia juu.

Huyu ndiye kifungua mimba wetu. Akiwa mdogo nilimtuma kuni akarudi bila kuni, lakini anajua ndege ngapi zimetua. Alipomaliza form four akanikuta nachambua mboga, akasema anataka kuwa rubani. Nikamwambia basi tuombe. Kwa nyumba yangu "tuombe" ni jibu. Inaweza kuwa ndiyo, inaweza kuwa hapana, na inaweza kuwa sijui niseme nini.

"Mimi nimeshaomba, Mama," akasema. "Sasa nakuambia tu."

Kuhusu pesa sitasema mengi. Ile ardhi hakuna mtu alikuwa anataka, sasa kila mtu anaitaka, kwa hivyo tukauza kipande ya juu. Kanisa ikachanga kidogo. Hiyo ya pesa ikaishia hapo.

Alianzia kwa shule ndogo ya urubani iliyokuwa hapo hapo airport. Nilifurahi kwa sababu alikuwa analala nyumbani, na pia kwa sababu nilikuwa napeleka maziwa kwa hoteli ya wafanyakazi upande huo, kwa hivyo ningeweza kumchungulia kwa fensi bila mtu kujua. Siku moja nimebeba debe yangu, nikaona ndege ndogo nyeupe ikitua, msichana wangu akashuka. Kabla hajafika mbali, vijana wanne wakatoka mbio na ndoo, wakammwagia maji kutoka kichwa mpaka viatu, na mwalimu wao amesimama kando anapiga makofi.

Nikaweka debe chini. Huyu mtoto alibatizwa akiwa na miaka kumi na miwili, kwa mto, mzima mzima, na mimi nikiwa hapo nimeshika taulo. Kwa kanisa yetu ubatizo ni moja. Nikaibeba tena mpaka kwa geti, nikamwambia askari nataka kuongea na huyo mtu ambaye anabatiza watoto wa wengine huku ndani.

Askari akaniangalia sana, halafu akacheka mpaka akashika geti. Akaniambia hiyo si ubatizo, ni pongezi. Mwanafunzi akiruka mara ya kwanza peke yake wanammwagia maji, ndio desturi yao.

"Peke yake na nani?" nikauliza.

"Peke yake, Mama. Hakuna mtu mwingine ndani."

Hapo ndipo nikakaa chini juu ya debe. Nusu saa nzima nimesimama kwa hiyo fensi, nimeona hiyo ndege ikizunguka juu ya shamba yetu mara tatu, hata nimesema kimoyomoyo kwamba huyo anayeendesha anajua kazi. Jioni nikamuuliza ni nani alimruhusu. Akasema mwalimu. Nikamuuliza mwalimu ameongea na mama gani. Akaendelea kukausha nywele.

Baadaye alienda kumalizia Nairobi, na akarudi na leseni. Leseni yenyewe ni kadi ndogo tu, nikashangaa, kwa sababu ile ya baba yake ya lori nilikuwa naiona kama kitu kubwa zaidi. Tukafanya shukrani kanisani. Halafu tukangoja kazi.

Hakuna mtu alikuwa ametuambia juu ya kungoja. Kumbe kampuni za ndege zinataka rubani ambaye tayari ameruka sana, na hakuna mahali ataruka sana kama hakuna kampuni imemchukua. Alituma barua pepe, akatuma zingine. Mwaka ukapita, wa pili ukaingia katikati. Kwa sababu hawezi kukaa bure kwangu, nilimpatia pikipiki ya baba yake apeleke maziwa mtaa wa Pioneer. Sasa vijana wa boda boda wa stage wakapata kitu ya kufurahia. Kila asubuhi akipita na mitungi nyuma, wanasimama kando ya barabara na kunyoosha mikono kama wale watu wa kuelekeza ndege.

"Captain, leo umetua na lita ngapi?"

Yeye anawajibu kwamba amebeba lita arobaini na abiria hakuna, kwa sababu wao hawana nauli. Wanacheka. Lakini akifika nyumbani anavua helmeti pole pole sana, na mimi mama najua kuvua helmeti ya mtu ambaye amechoka na kuvua helmeti ya mtu ambaye ameumizwa.

Halafu ikaja barua pepe moja. Kampuni fulani ya ndege ilikuwa inataka marubani wapya wa kukaa kiti cha kulia, wasaidizi wa captain. Walimwita Nairobi baada ya wiki tatu kwa maswali na kwa mtihani ndani ya simulator, ile mashine ambayo unakaa ndani na kuendesha ndege ambayo haiendi mahali. Ilikuwa mara ya kwanza mtu amemjibu. Na alijua, na mimi nilijua, kwamba akikosa hii, ile leseni itaendelea kukaa kwa bahasha, na masharti yake yatapita muda, na atakuwa mtu wa maziwa.

Akaniambia shida yake ni redio. Kuendesha anaendesha vizuri, mwalimu wake alikuwa anasema mkono uko sawa lakini mdomo unachelewa. Yule mtu wa tower, ule mnara wa kuongoza ndege, akiongea haraka, yeye anameza maneno. Na sheria yao ni kwamba kila kitu tower inakuambia, lazima uirudishe vile vile ulivyoambiwa, bila kuruka hata namba moja. Alihitaji mtu wa kumsomea maneno ya tower mara nyingi kila siku. Baba yake alikuwa safarini Malaba. Wadogo zake walikuwa shule ya bweni. Tukaangaliana.

"Mama, Kiingereza yako iko namna gani?"

Kiingereza yangu ni ya ngumbaru. Niliacha shule darasa la sita, nikarudi kusoma nikiwa na watoto watatu, saa kumi na moja jioni, kwa darasa ya primary, nimekaa kwa dawati ambayo magoti haiingii. Nilifanya mtihani wa darasa la nane nikiwa na umri wa kuwa mama ya msimamizi. Kwa hivyo najua kusoma chochote, lakini ulimi wangu umebaki nyumbani. Mwalimu wetu alinipigania miaka miwili juu ya namba tatu. Alikuwa anasimama mbele yangu anatoa ulimi katikati ya meno, "three, Mama, three," na mimi nasema tri. Mwishowe aliniacha, akasema Mungu anaelewa.

Sasa msichana wangu akafungua daftari kunionyesha. Akasema kwa redio namba tatu haisemwi three. Inasemwa tri. Ni sheria ya dunia nzima, ili isikike vizuri.

Nilimwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia aniandikie hiyo sheria kwa karatasi, na Jumapili nikamtafuta mwalimu wa ngumbaru baada ya ibada, nikamwekea karatasi mkononi. Alisoma, akacheka, akasema basi kumbe miaka miwili alikuwa anajaribu kuharibu rubani.

Tulikuwa tunafanyia mazoezi kwa boma ya ng'ombe, saa kumi jioni, wakati wa kukamua. Mikono yangu ina kazi, kwa hivyo alitundika daftari kwa nguzo mahali naweza kuona. Yeye alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, macho amefunga, miguu yote miwili mbele, kama amekanyaga pedali za ndege. Mimi nasoma: "Bravo Mike, climb flight level one tri zero." Bravo Mike ndiyo tuliita ndege yake, na hayo mengine ni kumwambia apande juu. Isipokuwa kwa mdomo wangu Bravo ilikuwa Pravo, kwa sababu sisi b na p ni ndugu. Alisema niiache hivyo hivyo. Akienda nchi za watu atakutana na tower za kila aina, akizoea ya kwetu hakuna itamsumbua.

Yeye anarudisha maneno. Akikosea, narudia. Akipata, tower inatakiwa kumwambia "readback correct", yaani umerudisha sawa sawa. Hiyo ilinishinda. Ni ndefu, inafika wakati ng'ombe imeinua mguu, na kusema kweli haina ladha. Kwetu mtu akisema neno sahihi mbele ya watu, kuna jibu yake. Kwa hivyo akipata, nilikuwa nasema Amina. Na yeye, mtoto wa kanisa, akisikia Amina ananijibu Amina. Tunaenda kwa inayofuata.

Siku ya kwanza alibisha.

"Mama, tower haisemi Amina."

"Ya Kapseret inasema."

Akacheka, akaacha. Wiki ya pili alikuwa hamezi tena neno. Nilikuwa namsomea haraka mpaka mimi mwenyewe sijui nimesema nini, na yeye anarudisha yote na namba zake, hata ruhusa ya kutua na namba ya barabara ya ndege. "Cleared to land, runway two six, Bravo Mike." Amina. Amina. Hata ng'ombe ilizoea, ilikuwa ikisikia runway two six inaachilia maziwa yote. Nilijiona mtu wa maana sana. Nilianza kutembea kama tower.

Alienda Nairobi siku ya Jumanne. Nilifunga kula tangu asubuhi. Alirudi Jumatano mchana na akaingia jikoni bila kuvua viatu, akaketi. Nilimpa chai, hakuigusa.

Akaniambia maswali yalienda vizuri. Simulator pia ilianza vizuri. Walimzimia injini moja wakati anapaa, akaishika. Mtahini alikuwa ameketi nyuma yake, ndiye alikuwa tower, anaongea haraka kuliko mimi, na yeye alikuwa anamrudishia kila kitu mpaka yule aliyeketi naye mbele akamwangalia kwa heshima. Mara ya mwisho wanakuja kutua. Mtahini akampa ruhusa ya kutua na upepo na kila kitu. Akarudisha yote.

"Akasema readback correct," akaniambia. "Na mimi nikasema Amina."

Sikujua niweke sufuria wapi.

"Ulisema kimoyomoyo?"

"Nilisema kwa redio, Mama. Kwa sauti. Venye tunasemanga."

Nikamuuliza halafu walifanya nini. Akasema alisikia mtu nyuma anaandika kitu kwa karatasi.

"Na wewe ulifanya nini?"

"Nikaendelea kuruka. Ningefanya nini? Ndege ilikuwa inashuka."

Alitua, akashukuru watu, akatoka. Walimwambia watampigia simu. Akanywa chai sasa, akaenda kulala mchana, kitu ambayo hajawahi kufanya tangu azaliwe.

Hizo wiki ambazo zilifuata sitaki kuzirudia. Yeye hakunilaumu hata mara moja, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alipanda pikipiki yake, akapeleka maziwa, akawajibu watu wa stage. Mimi ndiye nilikuwa nazunguka. Niliandika barua kwa kampuni, kwa Kiingereza, ukurasa mzima, nikieleza kwamba kosa ni ya mama, mtoto hana kosa, na kwamba neno lenyewe kwa Biblia maana yake ni "iwe hivyo", kwa hivyo hata ukiliangalia vizuri ni karibu na roger, lile neno lao la kusema nimekusikia. Bwana yangu alikuwa amerudi. Akasoma barua mara mbili amesimama.

"Ukituma hii," akasema, "watajua mtoto wetu amefundishwa redio na ng'ombe."

Sikutuma. Lakini nilikuwa nimeiandika vizuri, na aliniambia hivyo pia, baadaye kidogo, bila kuniangalia.

Nilimwambia mtu mmoja tu wa nje. Kuna mwenye duka mjini, Mwislamu, watu wao walitoka kaskazini, ananunua maziwa yangu miaka mingi na tunaheshimiana. Aliniuliza kwa nini siku hizi napima maziwa kama mtu ambaye amefiwa. Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, mkono kwa ndevu.

"Sasa Mama, shida iko wapi?" akasema. "Sisi pia tunasema Amin. Huyo mtahini akiwa wa kwenu, sawa. Akiwa wa kwetu, sawa. Wewe omba tu asiwe mtu hana dini."

Nilitoka hapo nikiwa nimecheka mara ya kwanza kwa siku nyingi, na njiani nikaanza kuogopa huyo mtu hana dini. Jioni nikapiga magoti na kumwambia Mungu maneno ambayo sikuwa nimepanga. Nilisema: hiyo Amina ilikuwa yako. Sikuiweka hapo nikuaibishe. Lakini kama imemnyima kazi, mimi sitaacha kuisema, kwa hivyo utafute njia.

Wiki ya nne, msichana mwingine waliyefanya naye mtihani siku moja akapigiwa simu, akachukuliwa. Akatuma ujumbe wa furaha. Wangu alimjibu hongera na maua mengi ya simu, akaweka simu kwa mfuko, akachukua ndoo. Tulikamua. Daftari ilikuwa bado kwa nguzo na hakuna mtu aliigusa.

Ilikuwa siku mbili baada ya hiyo, hapo hapo kwa boma, simu yake ikalia. Akaangalia namba, akasimama. "Yes, sir," akasema. "Yes, sir." Akatoka nje. Mimi sikuweza kuacha ng'ombe, ilikuwa katikati, na hii yetu ukiiacha katikati inapiga ndoo. Kwa hivyo nilisikia maneno nusu nusu kupitia mbao. Nikasikia "affirm", hiyo ni ndiyo yao. Nikasikia amecheka kidogo. Nikasikia "my mother, sir." Hapo ng'ombe ikapiga ndoo, na mimi nikaiacha imwage.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na alikuwa anajaribu kuongea na kucheka wakati moja. Nikamshika mikono, yangu ikiwa bado imejaa maziwa.

"Wamenichukua, Mama."

Tulikaa chini hapo, kwa majani makavu, na akaniambia yote. Aliyepiga simu alikuwa mtahini mwenyewe, akasema wengi walikosea kitu kwa redio siku hiyo. Mmoja alikosea namba, akaanza kusema sorry, sorry, akaomba msamaha mpaka ndege ikapita uwanja. Mwingine alinyamaza kabisa. Yeye alikosea neno moja ambalo halimdhuru mtu, na mkono wake haukutingika. Hiyo ndiyo mtahini alikuwa anaandika. Halafu akamuuliza ni nani alimfundisha hiyo redio. Akamwambia.

"Amekutumia salamu," akasema. "Amesema Amina ni baada ya ndege kusimama."

Nilikubali. Hiyo ni sahihisho ambayo mtu anaweza kuchukua.

Mambo haikuisha siku hiyo. Walimpeleka kwa masomo mengine miezi mingi, ya kujua ile ndege yao kubwa, kila nati yake. Baadaye akaanza kuruka na captain wa kumfundisha, huku na huku, Kisumu, Mombasa. Halafu asubuhi moja akapiga simu akasema kesho ile ndege ya saa nne inayokuja Eldoret, yeye atakuwa kwa kiti cha kulia, na abiria wamejaa.

Nilivaa ile nguo yangu ya sikukuu, nikatembea mpaka airport. Alikuwa ameniambia hataweza kutoka, ndege inakaa muda mfupi tu na kurudi. Kwa hivyo nilisimama kwa mlango mahali abiria wanatokea. Ndege ikatua. Sikuona vizuri, kulikuwa na mtu mrefu mbele yangu.

Wakaanza kutoka. Nilikuwa nimeamua nitawauliza. Mwanamke wa kwanza, na koti nzuri, nikamuuliza huko juu ilikuwa sawa? Akasema sawa tu, akapita. Kijana alikuwa na vitu kwa masikio, hakunisikia. Mwingine alidhani mimi ni wa teksi. Halafu akaja mzee mmoja na bakora, anatembea pole pole, ana alama ya kiti kwa shavu. Nikamwamkia, nikamuuliza, Mzee, safari ilikuwa namna gani? Mlitua vizuri?

Akasimama akafikiria, alitaka kunipa jibu ya haki.

"Mama, hiyo sijui," akasema. "Nilishikwa na usingizi tukitoka Nairobi. Wameniamsha sasa hivi kwamba tumefika."

"Hukusikia ikigonga chini?"

"Sikusikia kitu." Akaniangalia. "Kwani kulikuwa na shida?"

Nikamwambia hapana, Mzee, hakukuwa na shida. Nikamshikia begi yake mpaka nje.